Vya mzazi vya Darajani na mkandaji wa arobaini: kipi kinastahili pesa yako

Ukisimama mbele ya muuza viungo wa soko la Darajani, mjini Unguja, ukamwambia "nipimie vya mzazi", hakuulizi ni vipi. Mkono unakwenda wenyewe: pilipili manga, uwatu, habasoda, mdalasini, tangawizi kavu, hiliki, karafuu kidogo, kipande cha mvuje, ubani. Duka likiwa kubwa atakutilia na liwa na dalia za kujipaka mwishoni mwa arobaini. Chake Chake na Wete, kule Pemba, ni vivyo hivyo, kinachotofautiana ni wingi tu. Kila kitu kinafungwa peke yake, vyote vinatiwa kwenye mfuko mmoja, na familia nyingi huona hapo maandalizi ya uzazi yamekwisha.

Tunaupima mfuko huo pamoja na huduma inayokwenda nao, yaani mama anayekuja nyumbani kumkanda mzazi mpaka arobaini itoke. Tuseme mapema msimamo wetu: kilicho ghali zaidi katika vyote hivi, na kinachostahili kulipiwa bila kubishana bei, ni mkandaji. Tena unalipia macho yake kuliko mikono yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aangaliwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha baina ya saa 48 na 72, kisha baina ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Baina ya tarehe hizo, anayemuona mwili wake kila asubuhi ni mkandaji peke yake. Damu ikizidi, homa ikipanda, mguu mmoja ukivimba, yeye ndiye wa kwanza kukutana nayo. Viungo vinasaidia, lakini hakuna kiungo kinachokwambia kwamba leo mzazi apelekwe hospitali.

Mfuko wenyewe

Anza na pilipili manga, kwa kuwa ndiyo inayoliwa zaidi na ndiyo inayochanganywa zaidi. Mbegu za papai zikikaushwa hufanana nayo mno. Tia kijiko kimoja kwenye gilasi ya maji: pilipili manga iliyokomaa huzama, mbegu ya papai huelea. Punje chache zikielea si neno, zile changa nazo ni nyepesi. Ikielea nusu ya kijiko, rudisha. Usinunue iliyokwisha kusagwa, maana hapo huna tena cha kupima.

Karafuu hatufundishwi sisi, lakini ya dukani si lazima iwe ile uliyoiona ikianikwa jamvini. Ibonyeze kwa ukucha: ikitoa mafuta ni nzima. Kwenye maji, nzuri huzama au husimama wima kichwa juu. Iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala ubavu. Na kama nyumbani kwenu mzazi huandikiwa kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa na kunywewa, zafarani ipimwe vilevile. Nyuzi zake hutoa rangi ya manjano polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikimwaga wekundu mara moja, hiyo ni rangi tu. Sahani ioshwe vizuri na maji yawe yaliyochemshwa, kwa sababu yatanywewa na mtu aliyetoka kupoteza damu.

Uji wa pilipili manga ndio hasa unaonunuliwa mfuko huu, na unastahili sifa zake. Kwa sufuria ya watu wawili: nusu kikombe cha unga wa mchele, maji vikombe 4, tui zito kikombe kimoja, hiliki 4, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, chumvi kidogo, sukari vijiko 2 vya chakula, na pilipili manga kijiko kimoja cha chai kisichojaa, isagwe wakati huohuo. Unga ukorogwe kwanza na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka usione donge. Maji matatu yaliyobaki yachemke na mdalasini na hiliki, ndipo uumimine unga huku unakoroga bila kusita, kama dakika 10, mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Punguza moto, tia tui, koroga likolee tu bila kutokota kwa nguvu, maana likitokota linakatika na mafuta yanaogelea juu. Pilipili manga iwe ya mwisho. Ikitiwa mwanzo inatoa uchungu badala ya harufu, na mpishi akionja huongeza nyingine, na hapo ndipo mzazi anapopata kiungulia cha usiku kucha. Mwenye bawasiri baada ya kuzaa apunguziwe iwe robo kijiko. Aliyekuwa na kisukari cha mimba, sukari iachwe mpaka apimwe tena.

Kinachomjenga mzazi ndani ya uji huo ni maji, wanga na mafuta ya tui. Pilipili manga inampa joto na hamu ya kula, nayo ni faida, lakini haisafishi tumbo wala haitoi damu iliyobaki. Ndiyo maana uji peke yake hautoshi: supu ya kuku, samaki, maharage, mchicha na kisamvu viwepo kila siku. Zipo nyumba zinazomkataza mzazi samaki, matunda na maji baridi. Kwa maji baridi msigombane na wakubwa, mpeni ya uvuguvugu. Lakini kunyimwa maji hapana, anayenyonyesha hukauka upesi na maziwa nayo yakapungua. Machungwa asikose, hasa wakati wa kumeza vidonge vya damu alivyopewa kliniki, kwa kuwa chungwa husaidia madini ya chuma kuingia mwilini na chai huyazuia. Kidonge na chai ya asubuhi vipishane kwa saa moja au mbili.

Uwatu unasifiwa kuleta maziwa. Ushahidi wake ni hafifu, na kinacholeta maziwa kwa hakika ni mtoto kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku ukihesabiwa. Akitaka kuutumia, aroweke kijiko kimoja cha chai usiku na anywe asubuhi. Akiona mtoto anajaa gesi aache. Mwenye dawa za kisukari amwambie daktari kwanza, kwa sababu uwatu hushusha sukari. Mjamzito asiutumie kama dawa, kwani kwa wingi unaweza kuamsha uchungu. Habasoda kidogo kwenye chakula haina tatizo. Kumpa mtoto mchanga mafuta yake ni jambo jingine, tutalifikia.

Mvuje ukifungwa kwenye kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto, sisi hatuna ugomvi nao. Usifungwe shingoni, kwa sababu uzi unaweza kumkaba akiwa amelala, na usipakwe kitovuni. Ubani na udi vifukizwe chumba kikiwa wazi na mtoto akiwa chumba kingine. Mapafu ya siku tatu hayana nguvu ya moshi. Na mzazi anayesimama juu ya chetezo aache nafasi ya dhiraa moja baina ya makaa na mwili, kanga isiguse chini. Kanga ikishika moto haikupi muda.

Liwa na dalia ni za mwisho wa arobaini, na ni haki ya mwanamke kujipendezesha baada ya kazi ile. Liwa isuguliwe kwenye msio na maji ya mawaridi, ipakwe mikono, miguu na mgongo. Kifuani asipake, kwa kuwa mtoto anaweka mdomo hapo na anavuta harufu hiyo puani. Dalia inayong'aa manjano kupita kiasi tuitilie shaka, kwani rangi za manjano kali zimewahi kukutwa na madini ya risasi huko nchi nyingine, hata ndani ya manjano ya kula.

Mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vyake) yanayokamuliwa Pemba ni makali kuliko watu wanavyodhani. Hayapakwi matupu. Matone 3 kwenye vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi yanatosha mgongo mzima. Ukizidisha, ngozi inawaka na kuacha weusi. Tumboni na kwenye matiti yasipakwe kabisa.

Vya kurudishia muuzaji

Vitu vinne hutiwa kwenye mfuko huu, mara nyingine bila kuombwa, na tunakuomba uvikatae hapohapo dukani.

Cha kwanza na cha hatari zaidi ni chupa ya dawa ya uchungu, ya majani au mizizi iliyochemshwa, isiyo na jina wala kipimo. Baadhi ya majani hayo kweli huamsha uchungu, na hapo ndipo ilipo hatari. Tumbo la uzazi likikaza bila kupumzika, mtoto hakosi hewa baadaye, anaikosa palepale, kwa sababu damu inayomfikia hupita wakati tumbo limelegea. Kwa aliyewahi kufanyiwa operesheni, kovu linaweza kupasuka. Hospitali nazo zina dawa ya kuongeza uchungu, lakini inatiwa kwa matone yanayohesabiwa, mapigo ya mtoto yakisikilizwa, na ikizidi inafungwa. Chupa ukishaimeza huwezi kuifunga. Mafuta ya mbarika nayo yanaingia humu: yanamharisha mama mpaka anafika chumba cha kuzalia amekauka. Na akiwa amekwisha kunywa kitu, aseme kwa mkunga hata kama anaona haya, kwa sababu mkunga asiyejua ataongeza dawa juu ya dawa.

Cha pili ni udongo wa kula. Hamu ya udongo kwa mjamzito ni ya kweli, na Pemba imefanyiwa utafiti. Mara nyingi inakwenda sambamba na upungufu wa damu. Udongo huo huo hushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, ukawa unamnyima kile anachokihitaji. Mwenye hamu hiyo asikemewe. Apimwe damu: chini ya gramu 11 kwa desilita mjamzito ana upungufu, na dawa yake ipo kliniki.

Cha tatu ni wanja wa mtoto. Wanja wa jiwe mara nyingi ni madini ya risasi yenyewe, na risasi huathiri ubongo unaokua. Machoni hapana, kitovuni hapana. Bibi akishikilia lazima mtoto awe na alama ya kumkinga na jicho, mpeni kitone cha masizi safi ya taa nyuma ya sikio, roho yake itulie.

Cha nne ni kila kinachoingia mdomoni mwa mtoto: asali, maji ya sukari, mafuta ya habasoda, maji ya dawa ya chango. Asali haimfai mtoto mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yote hadi ya kupumua. Wanaofanya tahniki kwa tende wanaweza kuifanya kwa usalama: kidole kimeoshwa kwa sabuni, tende laini ipondwe kwa mkono au chombo safi, kiasi cha kupaka kaakaa tu bila kuacha kipande, na mtoto awe amekwisha kunyonya ziwa la kwanza. Yale maziwa ya manjano mazito ya siku za mwanzo yasikamuliwe kumwagwa. Ndiyo chanjo yake ya kwanza.

Kuhusu kitovu, Pemba ndiyo iliyotoa jibu kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kisiwani humo kwa watoto zaidi ya 36,000, ulilinganisha kupaka dawa ya klorheksidini na kuacha kitovu kikavu na safi, na haukuona tofauti ya uhakika katika vifo. Kwa hiyo kiacheni. Nepi ikunjwe chini yake, kisipakwe jivu, mafuta, wala mate. Kikianguka baina ya wiki moja na mbili, ndiyo kawaida. Wekundu ukipanda kwenye ngozi ya tumbo, au kikitoa usaha, hapo si mambo ya nyumbani tena.

Mkaja

Mkaja, nguo ya kumfunga mzazi tumboni, haumo kwenye mfuko, hutolewa na somo, yaani mwanamke aliyemfunda, au hukatwa kwenye kanga kuukuu, na watu wengi huufunga vibaya kuliko kitu chochote katika arobaini. Nguo nzuri ni ya pamba iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa, ikunjwe upana wa shibiri moja na nusu, urefu wa kuzunguka kiuno mara mbili na kubaki ncha ya kuchomeka. Mzazi alale chali, magoti yamekunjwa. Mzunguko wa kwanza uanze chini, kwenye mifupa ya nyonga, wa pili upande juu kufikia kitovu. Kosa kubwa ni kuanza juu, chini ya mbavu, na kukaza: unausukuma uzito wote wa tumbo kwenda chini, kwenye misuli iliyotoka kunyooshwa na mtoto, na mzazi anaanza kuvuja mkojo akikohoa. Kiganja kilicholala kipite baina ya nguo na ngozi. Akikosa pumzi akikaa, au miguu ikifa ganzi, umekazwa kupita kiasi. Usiku ufunguliwe.

Tumbo lililopanuka miezi tisa halirudi kwa kufungwa, linarudi kwa muda na kwa misuli kutumika. Mkaja unashika mgongo na kumpa mzazi kujiamini anaposimama. Kwa kazi hiyo tunaupenda. Aliyefanyiwa operesheni asifungwe mpaka muuguzi aliyeona kidonda aseme.

Kukandwa

Hapa ndipo pesa inapostahili kwenda, na hapa ndipo wanapotofautiana walio bora na walio hatari. Mkandaji mbaya utamjua kwa maji yake. Akifika na sufuria inayofuka mvuke, akachovya taulo na kulibandika tumboni huku mzazi anauma meno, mwambie asimame. Dhana ya kwamba damu iliyoganda lazima ipikwe ili itoke imewaachia wanawake malengelenge, na mzazi aliyechoka huona haya kulia mbele ya wakubwa. Tumbo la uzazi hujikaza lenyewe, na kila mtoto anaponyonya hukaza zaidi. Ndiyo yale maumivu ya siku za mwanzo wakati wa kunyonyesha. Maji ya kukandia yawe ya kuvumilika kwenye kiwiko cha mkandaji, kama nyuzi 40 hivi. Moto wa namna hiyo unalegeza mgongo na mabega, na hiyo tu ni raha kubwa.

Mkandaji mzuri huanza nyayoni na kupanda, mikono ikielekea moyoni, kwa mafuta ya nazi au ya simsim. Kabla hajagusa muundi hulinganisha miguu miwili. Mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kuliko mwenziwe, haukandi; huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuisugua ni kuitoa pale iende mapafuni. Tumboni huweka kiganja tu. Siku ya kujifungua tumbo la uzazi huwa karibu na kitovu, gumu kama nazi changa, kisha hushuka kama upana wa kidole kimoja kila siku, na baina ya siku ya 10 na ya 14 huingia nyuma ya mfupa usilihisi tena. Likiwa laini, au likiwa halishuki na mzazi ana homa, kuna kitu. Kulikandamiza kwa ngumi hakulishushi.

Aliyefanyiwa operesheni akandwe miguu, mgongo na mabega tu, tumbo liachwe mpaka apite ukaguzi wa wiki ya 6. Aliyeshonwa chini akae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 mpaka 15, kisha ajikaushe kwa kitambaa safi. Ndani ya uke hakuingizwi kitu: si kitambaa chenye dawa, si karafuu, si ubani. Mlango wa uzazi bado uko wazi na ndani kuna kidonda pale kondo lilipobanduka. Anayeahidi kukurudisha "msichana" kwa vitu hivyo anakuuzia homa.

Sikiliza anazungumza nini akifika. Mkandaji wa kulipwa mazungumzo yake ni haya:

"Mwanangu, kitambaa cha alfajiri kilikuwaje?"

"Chekundu bado, bibi, lakini kidogo."

"Na harufu?"

"Ya damu tu."

"Umekwenda haja ndogo bila taabu?"

"Naam, bibi."

Ndani ya maswali hayo kuna elimu kubwa. Damu huwa nyekundu siku 3 au 4 za mwanzo, kisha hugeuka ya hudhurungi mpaka karibu siku ya 10, kisha njano nyeupe ikipungua mpaka wiki ya 4 au ya 6. Ikirudi nyekundu na kuongezeka baada ya kuwa imepungua, ikilowesha pedi nzima kwa muda usiofika saa moja, ikitoa mabonge makubwa kama yai la kuku, au ikinuka vibaya, kazi ya kukanda imesimama na kazi ya usafiri imeanza. Joto la mwili la nyuzi 38 na zaidi ni hivyo hivyo. Kipimajoto kiwepo nyumbani, mkono wa mtu aliyeshika maji ya moto haupimi homa.

Lipo moja tunalolitia mkazo kuliko yote. Mzazi akilalamika kichwa kinampasuka, macho yana ukungu, uso umevimba, kisha akaanguka na kutikisika, wapo watakaosema amepandwa na pepo. Hicho ni kifafa cha mimba, na kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa siku mbili za mwanzo. Dawa yake ni sindano ya magneziamu salfeti, ipo hospitali. Alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, asifukizwe, na apelekwe. Anayetaka kumsomea amsomee ndani ya gari. Na mzazi anayelia kila siku zaidi ya wiki mbili, hali, halali hata mtoto akilala, au anamuogopa mwanawe, naye ni mgonjwa wa kupelekwa, hana ila na si mdeko.

Jinsi ya kupatana naye

Mkandaji apatanwe mimba ikiwa miezi saba au minane, kabla ya mfuko kununuliwa, ili aseme mwenyewe anachohitaji. Mfuko ulionunuliwa kabla yake huwa na vitu viwili vitatu asivyovitumia. Muulize dalili gani zikimtokea mzazi hamkandi. Asiyekuwa na jibu, au akisema mikono yake inatibu zote, mshukuru na uondoke. Awe radhi kupewa namba ya mkunga wa kituo chenu, na mkunga awe na yake. Unguja kulifanywa majaribio mwaka 2009 na 2010 ya kuwatumia wajawazito ujumbe wa simu na kuwapa vocha ya kumpigia mhudumu: kati ya waliopata, asilimia 60 walijifungua mbele ya mwenye ujuzi, kwa wasiopata ilikuwa 47. Simu tu. Kwa walioko visiwa vidogo vya Tumbatu au Kojani, patana pia na nahodha, tena wawili, na mjue nani anakubali kuvusha usiku na maji yakiwa yamekupwa.

Mkandaji huyu anaaminiwa kuliko ofisi yoyote, na si kwetu tu. Wayoruba wa kusini magharibi mwa Nigeria wana mkunga wao, agbebi, na wana mfuko wao: agbo, dawa ya majani, mizizi na magome iliyochemshwa, ambayo mjamzito hunywa na mtoto mchanga naye hupewa, bila kipimo, kasoro ileile ya chupa zetu. Mjamzito wao huchomeka pini kwenye nguo, huambiwa asitembee jua la adhuhuri wala usiku mkubwa asije pepo mbaya akambadilisha mtoto tumboni, na hakatazwi konokono kwa ladha, hukatazwa mtoto asije akatokwa na udenda. Anayefuata makatazo hayo anayasikia kwa agbebi, na agbebi akisema "nenda hospitali" anamsikia vilevile. Jimbo la Ondo lilianzisha mpango wa uzazi salama uitwao Abiye mwaka 2009, na mwaka 2014 likaongeza wa pili, Agbebiye, ambao wakunga hao walilipwa kwa kuwafikisha wajawazito hospitali na wakafundishwa kazi nyingine za kujipatia riziki. Walielewa jambo ambalo familia zetu hulisahau katika kupatana: ukimlipa mtu kwa kumshika mgonjwa, atamshika.

Kwa hiyo mkandaji asilipwe kwa siku. Patana naye arobaini nzima kwa bei moja, nusu siku ya kwanza, nusu arobaini ikitoka, pamoja na doti ya kanga na kile ambacho nyumba yenu hutoa, mchele au sukari. Na mwambieni mbele ya mume na mama mkwe kwamba hata mzazi akilazwa hospitali wiki nzima, ujira wake haupungui shilingi, na siku atakayosema "huyu apelekwe" nauli yake ya kumsindikiza iko juu yenu.